Mahindi na Kamera Kabla ya Msimu wa Kulungu

Kulungu wa mkia mweupe ndiye mnyama mkubwa anayewindwa zaidi nchini Marekani, na hakuna jimbo lenye kulungu wengi kama Texas, ambako idadi yao inapita milioni 4. Msimu wa bunduki hufunguliwa huko Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Wenye upinde hutangulia kwa takriban mwezi mmoja. Kazi yenyewe huanza mapema zaidi. Katika joto la Agosti mwenye shamba hupanda ngazi, humimina magunia ya mahindi ndani ya pipa lililosimama juu ya miguu mitatu ya chuma, kisha hufunga kamera ndogo kwenye mti wa jirani. Tangu siku hiyo hadi msimu unapofunguliwa, pipa hulisha na kamera hutazama.

Jina kulungu linahitaji maelezo. Kulungu wa Afrika Mashariki, ambaye wengine humwita pongo, ana pembe za kudumu kama za mbuzi. Huyu wa Marekani ni wa ukoo mwingine, ukoo wa ayala anayetajwa katika Biblia ya Kiswahili. Madume tu ndio wenye pembe, nazo ni mfupa mtupu unaoota upya kila mwaka: huchipuka katika majira ya kuchipua, hukua zikiwa zimefunikwa ngozi laini kama mahameli, hukomaa mwishoni mwa Agosti, na Septemba dume huzisugua kwenye vichaka mpaka ngozi hiyo ichunike. Majira ya baridi yakielekea ukingoni, pembe hudondoka. Ndiyo maana Agosti na Septemba ni miezi ya thamani kwa mwenye kamera. Pembe zimekwisha kukamilika, madume bado hutembea kwa vikundi vya amani, na majike wameanza kuja na watoto waliozaliwa miezi michache tu nyuma.

Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, anaweza kushangaa kwamba mnyama anayewindwa na mamilioni ya watu angali tele. Hali haikuwa hivyo siku zote. Kufikia mwaka 1900 uwindaji wa biashara usio na mipaka ulikuwa umewapunguza kulungu hao hadi karibu nusu milioni katika nchi nzima. Sheria ya mwaka huo ilizuia biashara ya nyama iliyowindwa kinyume cha sheria kuvuka mipaka ya majimbo, na sheria ya mwaka 1937 ikaelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Leo wanakadiriwa kufikia milioni 30. Msimu, leseni na kikomo cha idadi ndivyo vinavyoshikilia mizani hiyo, na maandalizi yanayoelezwa hapa yana maana ndani ya utaratibu huo tu.

Texas ina jambo la pekee linaloeleza kwa nini pipa la mahindi limekuwa sehemu ya mandhari yake. Takriban asilimia 95 ya ardhi ya jimbo hilo ni ya watu binafsi. Mwindaji asiye na shamba hukodi haki ya kuwinda kwa mwaka au kwa msimu, naye hupewa eneo lenye mipaka. Hawezi kumfuata kulungu popote aendako. Inambidi amvute aje alipo yeye. Vichaka vya kusini mwa jimbo, vyenye miiba na kaktasi, ni vizito kiasi kwamba mnyama aliye hatua 30 haonekani. Huko, uwanja mdogo uliofyekwa na punje zilizotawanywa ndilo dirisha pekee la kumwonea.

Mahindi kama chambo

Mahindi si chakula bora cha kulungu, na hili linafaa kusemwa kabla ya jingine lolote. Punje ya mahindi ina protini ya asilimia 8 hivi, ilhali dume anayeotesha pembe na jike anayenyonyesha huhitaji karibu maradufu ya hiyo. Mahindi ni wanga: hutia nguvu na joto, hunenepesha, na kulungu huyapenda kama mtoto apendavyo miwa. Mwenye shamba anayetaka kuijenga afya ya wanyama wake hutunza majani na vichaka vya asili, au hutoa chakula maalumu chenye protini nyingi. Mahindi kazi yake ni kuvuta.

Kuvuta huko kunahitaji kiasi. Kulungu hucheua, na tumbo lake lenye vyumba vinne hutegemea vijidudu vilivyozoea majani na vitawi. Akishindilia nafaka nyingi ghafla, hasa wakati wa baridi kali asipokuwa na kingine cha kula, tumbo hujaa asidi na anaweza kufa akiwa ameshiba. Katika Texas, ambako vichaka havikauki vyote, hatari hiyo ni ndogo kuliko katika majimbo ya kaskazini yenye theluji, lakini kanuni ni ile ile: kidogo kidogo, kila siku, pasipo kurundika.

Hatari iliyo kubwa zaidi hukaa ndani ya gunia. Vuli inapofika, vituo vya mafuta na maduka ya vifaa vya shambani kote Texas hupanga nje magunia ya mahindi ya kulungu, mengi yakiwa ya kilo 22 au 23. Yaliyopigwa na mvua, au yaliyovunwa baada ya kiangazi cha ukame, yanaweza kuwa na sumukuvu, sumu ileile iliyowaua watu 125 katika Ukambani nchini Kenya mwaka 2004. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeweka kikomo cha sehemu 20 kwa kila bilioni kwa nafaka isiyojulikana italiwa na nani, na mnunuzi makini hutafuta gunia lenye maelezo ya kupimwa kwa kiwango hicho. Kutazama kwa macho hakutoshi. Punje zinaweza kung'aa kama dhahabu na bado zikawa na sumu.

Kulungu mzima huistahimili sumukuvu kuliko ndege, na ndege ndio wanaookota punje za mwisho. Sumu hii iligunduliwa kwa sababu ya ndege: mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Bata mzinga mwitu ni wageni wa kila siku chini ya mapipa ya Texas. Kwa hiyo pipa lisijazwe zaidi ya kitakacholiwa kabla ya unyevu kuingia, na masalia yaliyogandamana chini ya pipa yakwanguliwe na kutupwa mbali na wanyama, si kuchanganywa na mahindi mapya.

Jinsi pipa linavyofanya kazi

Kilishio cha kawaida ni pipa la chuma au plastiki la lita 200 hivi, lenye uwezo wa kubeba takriban kilo 160 za mahindi. Chini yake kuna tundu, na chini ya tundu kuna sahani ndogo ya chuma iliyofungwa kwenye mota. Punje hutiririka zikajaa juu ya sahani na kusimama zenyewe. Wakati uliopangwa ukifika, taima huiamsha mota, sahani huzunguka kwa kasi, na punje hurushwa pande zote kama mbegu kutoka mkononi mwa mpanzi. Baada ya sekunde chache kila kitu hutulia. Umeme hutoka kwenye betri ya volti 6 au 12 inayochajiwa na paneli ya sola yenye ukubwa wa kiganja.

Sauti ya tukio hilo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Mota hulia, punje hupiga miguu ya chuma, kisha kimya. Ndani ya wiki mbili au tatu kulungu wa karibu hujifunza kwamba sauti hiyo ndiyo chakula, na wengine huja dakika chache baada ya kuisikia. Kinachowazoesha ni saa isiyobadilika, na kwa sababu hiyo mwenye shamba hupanga taima mapema na kuiacha. Mizunguko miwili kwa siku hutosha: mmoja kukipambazuka, mwingine kama saa moja hivi kabla ya jua kuzama. Kurusha usiku ni kuwafundisha wanyama kuja wakati ambao hakuna anayeruhusiwa kufyatua risasi, kwa kuwa sheria ya Texas huruhusu kuwawinda kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, basi.

Kiasi kinachorushwa hakiaminiki kwa kusoma maelezo ya kiwanda, maana betri, ukubwa wa punje na nafasi kati ya tundu na sahani hutofautiana. Hupimwa hivi: kiroba kikubwa hufungwa kuizunguka sahani, mota huendeshwa sekunde 10 kamili, na kilichomo ndani ya kiroba hupimwa kwenye mizani. Ikitoka kilo 2, basi sekunde 5 zinatoa kilo moja. Mizunguko miwili ya kilo moja kwa siku itamaliza pipa la kilo 160 kwa siku 80, yaani pipa lililojazwa katikati ya Agosti litafika siku ya kwanza ya msimu bila mtu kulisogelea ila kwa kukagua betri na unyevu. Kutosogelea huko kuna faida. Kila safari ya gari na kila harufu ya binadamu humfanya dume mzee aahirishe ujio wake hadi giza liingie.

Mahali pa kuliweka pipa huchaguliwa kwa upepo na kwa maficho. Kulungu hapendi kusimama uwandani. Hupenda kutoka kichakani, kula, na kurudi kichakani kwa hatua chache. Pipa huwekwa basi kwenye kiwanja kidogo kati ya mahali wanapolala mchana na mahali wanapokunywa maji, na dungu la mwindaji husimama upande ambao upepo wa kawaida hautapeleka harufu yake kwenye mahindi. Katika vuli upepo wa Texas hutoka kusini mara nyingi, kisha hugeuka kaskazini baridi inaposhuka, kwa hiyo wenye uzoefu huweka madungu mawili kwa pipa moja. Kwa bunduki, umbali wa mita 80 hadi 100 ni wa kawaida. Kwa upinde ni mita 20 hivi, na hapo kila kosa la upepo husikika puani mwa mnyama.

Wageni wasioalikwa

Anayelisha kulungu hulisha pori zima. Rakuni, mnyama mwenye vidole vyepesi kama vya nyani, hupanda miguu ya pipa na kuizungusha sahani kwa mkono mpaka mahindi yamwagike. Kinga yake ni kizimba cha nyaya kinachoizunguka mota. Kindi hutafuna plastiki. Ng'ombe huegemea miguu ya pipa wakaliangusha. Lakini adui mkuu ni nguruwe mwitu, uzao wa nguruwe wa kufugwa waliotoroka tangu zama za Wahispania. Texas ina zaidi ya milioni 2 kati yao. Kundi moja la nguruwe 15 litamaliza mzunguko mzima wa asubuhi kwa dakika chache, na kulungu hawakai penye nguruwe.

Jawabu linalotumika sana ni ua wa paneli za chuma wenye kimo cha sentimita 86 hivi, unaolizunguka pipa kwa nafasi kubwa. Kulungu mzima huuruka bila hata kukaza mwendo. Nguruwe hukwama nje. Ua ukipandishwa zaidi, watoto wa kulungu hushindwa kuingia na hubaki wakizunguka nje huku mama zao wakila, jambo linaloharibu pia hesabu ya kamera. Ua mdogo nao una kasoro: dume mmoja mwenye ubabe huutawala na kuwafukuza wengine wote.

Kuna mtego mmoja wa kisheria unaowanasa hata waungwana. Msimu wa njiwa katika sehemu kubwa ya Texas hufunguliwa Septemba 1, wakati mapipa ya kulungu yameshaanza kazi. Njiwa ni ndege wahamao, wanalindwa na sheria ya shirikisho, na sheria hiyo hukataza kuwawinda penye chambo. Eneo lililomwagiwa nafaka huhesabiwa kuwa na chambo mpaka siku 10 zipite tangu punje zote kuondolewa. Mahindi yaleyale yaliyo halali kwa kulungu wa Novemba humfanya mwindaji wa njiwa wa Septemba kuwa mkosaji. Wenye mashamba wanaopenda yote mawili hutenga mapipa mbali kabisa na mabwawa na mashamba ya alizeti wanakowindia njiwa, au huchelewesha kuyajaza.

Kamera inayojipiga yenyewe

Wazo la kumfanya mnyama ajipige picha ni la zamani. George Shiras III, mwanasheria wa Pennsylvania aliyewahi kuwa mbunge katika Bunge la Marekani, alitega kamera zenye nyuzi kando ya ziwa Whitefish huko Michigan mwishoni mwa karne ya 19: kulungu aligusa uzi, unga wa magnesi ukalipuka mwanga, na picha ikapatikana. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74. Shiras alikuwa mwindaji aliyeanza kuthamini picha kuliko pembe, na kifaa alichokibuni kimekwenda mbali. Mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, kamera ya namna hii ilimnasa sange mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2008.

Kamera ya leo haina uzi. Mbele yake kuna kihisio kinachotambua mabadiliko ya joto: kitu chenye joto tofauti na mazingira kikipita mbele yake, kamera huamka na kupiga ndani ya muda usiofika sekunde moja. Ndiyo maana mchana wa Agosti, ambapo mawe na udongo vina joto kama la mwili wa mnyama, kamera nzuri hukosa picha nyingi, na alfajiri yenye ubaridi haikosi hata sungura. Usiku humulika kwa mwanga wa infraredi, na picha hutoka kwa rangi nyeusi na nyeupe. Taa za mawimbi ya nanomita 850 humulika mbali lakini huonyesha wekundu hafifu ambao wanyama wengine huutazama. Za nanomita 940 hazionekani, ila picha zake huwa na giza zaidi. Picha hukaa kwenye kadi ya kumbukumbu, au, katika kamera zenye laini ya simu, hutumwa moja kwa moja kwenye simu ya mwenyewe.

Ufungaji wake una kanuni chache, na anayezipuuza hupata maelfu ya picha za nyasi. Kamera hufungwa kwenye kimo cha kiuno, ikielekezwa kaskazini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie kwenye lenzi. Katika vuli ya Texas jua halipiti upande huo. Nyasi na vitawi vilivyo mbele yake hukatwa mpaka chini, kwani jani lililopashwa joto na jua na kutikiswa na upepo huiamsha sawasawa na mnyama. Kwenye mapito ya wanyama haiwekwi kukatiza njia moja kwa moja, bali kwa mshazari, ili mnyama aonekane akija badala ya kuacha picha ya mkia tu. Penye pipa, umbali wa mita 6 hadi 9 hutosha. Saa na tarehe hukaguliwa mara mbili, kwa maana picha isiyo na saa ya kweli haina ushahidi wowote wa kumsaidia mwindaji.

Kusoma picha na kuhesabu

Picha ya dume mwenye pembe nene humsisimua mtu, na msisimko huo ndio huwapotosha wengi. Jambo la kwanza la kuangaliwa ni saa iliyoandikwa chini. Dume anayefika kila siku saa nane usiku ni jirani, lakini si windo. Akianza kuonekana kukiwa na mwanga, hata mara mbili kwa wiki, hapo kuna la kupanga.

La pili ni umri, nao husomwa mwilini. Dume wa mwaka mmoja na nusu ana shingo nyembamba na miguu inayoonekana mirefu kupita kiwiliwili, mfano wa jike aliyebandikwa pembe. Aliyetimiza miaka mitano na nusu ana kifua kizito, tumbo lililolegea, mgongo ulionyooka au kubonyea kidogo, na msimu wa kupandana ukikaribia, shingo yake huvimba mpaka ikaungana na kifua. Katika kaunti zaidi ya 100 za Texas, dume halali ni yule ambaye walau pembe yake moja haina tawi, au ambaye upana wa ndani kati ya pembe zake unafika inchi 13, yaani sentimita 33. Kipimo chake kiko kichwani mwake mwenyewe: masikio ya dume aliyeyasimamisha kwa tahadhari huachana kwa takriban upana huo. Picha inayomwonyesha dume akitazama mbele, masikio yake yametanda na pembe zimepita ncha za masikio, humaliza shaka ambayo vinginevyo ingeamuliwa kwa sekunde tatu siku ya kuwinda.

Kazi kubwa zaidi ya kamera ni hesabu. Mwaka 1997 mtafiti Harry Jacobson wa Mississippi na wenzake walichapisha njia ambayo bado hutumika kila mahali. Kamera moja huwekwa kwa kila hekta 40 hivi, kila moja penye mahindi, na huachwa siku 10 hadi 14 baada ya wanyama kuyazoea mahali hapo kwa wiki moja. Msingi wake ni kwamba madume hutambulikana mmoja mmoja kwa pembe zao, ilhali majike na watoto hufanana.

Shamba la hekta 400 lenye kamera 10 linaweza kuchukuliwa kama mfano. Baada ya siku 14, picha za madume ni 200. Zikipangwa mezani na kulinganishwa tawi kwa tawi, hugundulika kuwa ni za madume 20 tofauti. Basi 20 ikigawanywa kwa 200 ni 0.1: kila dume amepigwa wastani wa mara 10. Njia hii hukisia kwamba majike na watoto nao hupigwa kwa kiwango hicho hicho. Picha 400 za majike zikizidishwa kwa 0.1 hutoa majike 40. Picha 240 za watoto hutoa watoto 24. Jumla ni kulungu 84, majike wawili kwa kila dume, na watoto 6 kwa kila majike 10.

Tarakimu hizi zina udhaifu ulio wazi. Madume huwasukuma majike kando penye mahindi, watoto huachwa vichakani, na mnyama asiyependa mahindi hahesabiwi kabisa. Kamera iliyo penye pipa huhesabu walaji wa pipa. Hata hivyo hesabu ikirudiwa kila mwaka, wiki zile zile, mahali pale pale, kosa hubaki lile lile na mabadiliko huonekana: majike wameongezeka, watoto wamepungua, madume wazee wametoweka. Kwa hayo ndipo huamuliwa windo la mwaka liwe la namna gani. Leseni ya Texas huruhusu kulungu wa mkia mweupe 5 kwa mwaka, madume wasizidi 3, na kila kaunti ina kikomo chake ndani ya hicho. Shamba lenye majike wengi kuliko malisho huhitaji lebo nyingi zaidi za leseni hiyo zitumike kwa majike, ingawa hakuna pembe za kutundika ukutani.

Mipaka na mabishano

Kinachoruhusiwa Texas ni kosa kwingine. Illinois na Iowa hazikubali chambo kabisa katika uwindaji wa kulungu, na Michigan ilikipiga marufuku katika rasi yake ya kusini mwaka 2019. Sababu kuu ni ugonjwa. Penye pipa kulungu 20 hugusisha pua kwenye udongo ule ule, wakiacha mate, mkojo na kinyesi. Kaskazini-mashariki mwa rasi hiyo ya Michigan, kifua kikuu cha ng'ombe kilijikita miongoni mwa kulungu tangu miaka ya 1990, na wataalamu walikihusisha moja kwa moja na marundo ya chakula.

Mbaya zaidi ni ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, ulioonekana kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Hausababishwi na bakteria wala virusi, bali na protini iliyopotoka umbo, priyoni, inayoharibu ubongo. Hauna chanjo wala tiba, na priyoni hudumu udongoni kwa miaka. Texas iliupata mwaka 2012 upande wa magharibi ya mbali, kisha mwaka 2015 katika kulungu wa kufugwa wa kaunti ya Medina. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama, lakini wataalamu wa afya hushauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe, na mwindaji wa eneo lenye ugonjwa hupeleka tezi za koo la windo lake zikapimwe. Hoja ya wanaopinga mapipa ni nzito na haifai kupuuzwa na mwenye pipa. Kilishio kinachotawanya punje sehemu pana hupunguza mgusano kuliko rundo au hori, lakini hakiuondoi. Kuhamisha pipa mara kwa mara nako si dawa katika eneo ambalo ugonjwa umeshaingia.

Kamera nazo zina wapinzani, hata miongoni mwa wawindaji wenyewe. Katika majangwa ya Arizona wanyama wote hutegemea mashimo machache ya maji, na kamera zilikuwa zikirundikana hapo huku wenyewe wakija kila siku kubadilisha kadi na kuwatimua wanyama wenye kiu. Jimbo hilo lilipiga marufuku kamera katika uwindaji kuanzia Januari 1, 2022. Nevada huzizuia kwenye ardhi ya umma kuanzia Agosti 1 hadi Desemba 31. Swali gumu zaidi linahusu kamera zenye laini ya simu: mtu anayepokea picha ya dume aliyesimama penye pipa dakika hiyo hiyo, akaondoka nyumbani kumfuata, hajamvizia mnyama, ameitikia taarifa. Wengi hujiwekea mpaka wao wa kuzima utumaji msimu unapofunguliwa, na mpaka huo ni wa haki.

Wiki za mwisho

Oktoba huleta mshangao kwa asiyeujua. Picha zilizokuwa mamia kwa wiki hupungua hadi chache, na mwenye pipa hudhani kulungu wameibwa au wameuawa. Aghalabu mwaloni ndio umeangusha matunda yake. Kulungu huyapenda kuliko mahindi, huyala gizani ndani ya misitu, na hana haja ya kujitokeza uwanjani. Kuongeza mahindi hakumrudishi. Kinachosaidia ni kuhamisha kamera mbili au tatu kutoka kwenye mapipa hadi kwenye mapito yaendayo kwenye mialoni, na pale ambapo madume wamechuna magome ya miti michanga kwa pembe na kuparura udongo kwa kwato. Kwa wakati huu vikundi vya amani vya Agosti vimevunjika, dume aliyezoeleka amehamia upande mwingine wa shamba, na mgeni ameingia.

Wiki moja kabla ya msimu, kadi hutolewa kwa mara ya mwisho saa za mchana, upepo ukiwa mzuri, na mtu akiwa amevaa buti za mpira zisizoacha harufu nyingi. Betri za kamera na za pipa hubadilishwa zote kwa pamoja. Punje zilizolowa hukwanguliwa. Baada ya hapo eneo huachwa.

Limebaki la saa. Kote Texas, katika miaka mingi, Jumapili inayofuata Jumamosi ya ufunguzi ndiyo siku ambayo saa za Marekani hurudishwa nyuma kwa saa moja. Simu hujirekebisha yenyewe usiku. Taima ya pipa haijui lolote. Pipa lililorusha saa moja na nusu asubuhi ya Jumamosi litarusha saa kumi na mbili na nusu kwa saa ya simu siku ya Jumapili, jua likiwa karibu kuchomoza vilevile kama jana, na kulungu watakuja kwa sauti ile ile waliyoizoea tangu Agosti. Mwindaji aliyepanga kukaa dunguni nusu saa kabla ya mahindi, akitumia hesabu ya Jumamosi, atawakuta wameshaanza kula.